Majina yale hayakuwa uchafu

Bwana Mhariri,

Nasoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Habari yenu ya juma lililopita kuhusu usafi wa kuta imenishinda kunyamaza. Mwandishi wenu anasifu barabara nzima kupakwa chokaa, na michoro ya vijana anaiita uchafu ulioigwa Ulaya.

Mwaka 1926, kule Bukama, hapa hapa Katanga, Mbelgiji mmoja mtumishi wa ukoloni, Georges Thiry, alikuta nyumba zimechorwa kutani. Mchoraji alikuwa Albert Lubaki. Thiry akampa karatasi na rangi, yeye na mkewe Antoinette, na mwaka 1929 kazi zake zikaonyeshwa Brussels. Wazungu ndio waliokuja kuzitazama kuta zetu.

Ukuta mnaousifu kwa weupe naujua, kwani nauza makala, makaa ya kupikia, mbele yake. Vijana wa mtaa waliuchora baada ya malori ya madini kugonga watoto wetu wakivuka kwenda masomo. Falanga za rangi walizichanga nyumba kwa nyumba. Mimi sikuwa nazo, nikawapikia bukari na ndagala. Walichora watoto walioshikana mikono, mabegi mgongoni, wa mwisho kiatu kimoja kimemvuka. Chini yao wakaandika majina ya waliokufa, na juu, kwa herufi kubwa kuliko mtu: DEREVA, PUNGUZA MWENDO, HAPA WATOTO WANAVUKA. Na madereva walipunguza, Bwana Mhariri! Nilikuwa nasikia breki tangu kwenye kona. Mama wa mmoja wa watoto wale kila alipopita asubuhi alitua beseni lake, akafuta vumbi kwenye jina la mwanawe kwa pindo la kitenge, ndipo akaenda sokoni. Halafu wakaja watu na ndoo za chokaa, eti kuna mgeni mkubwa atapita. Hawakumuuliza mwenye parsele, yaani mwenye kiwanja, wala shefu wa mtaa, wala yule mama. Niliwasihi: wanangu, acheni hata majina tu. Mmoja akanijibu amri ni amri, akapitisha brashi juu ya jina la kwanza huku mama mwenyewe amesimama nyuma yake na beseni kichwani. Mgeni alipita vioo vimefungwa. Sasa malori yanapita kwa kasi ile ile ya zamani, na ninyi mnatuandikia kwamba mji umependeza.

Usafi na michoro havina ugomvi. Dakar, mwaka 1990, vijana walizoa taka za mitaa yao, kisha wao wenyewe wakachora kuta, mashujaa wao na mafunzo ya afya. Harakati hiyo iliitwa Set Setal, na mwandishi wenu angeitafuta kabla ya kushika kalamu.

Tena, kwa nini matangazo ya simu na bia hayaitwi uchafu? Nyumba ya watu inapakwa rangi ya kampuni hadi kwenye fremu za madirisha, na mwenye nyumba haambulii kitu. Na mtaro ulio chini ya ukuta wenu mweupe umejaa chupa za plastiki. Mvua za Desemba zikinyesha, maji yanaingia jikoni kwangu. Walioleta chokaa walikuwa na mikono na ndoo, wangeanzia hapo.

Huko Queens, New York, mwenye jengo la 5Pointz alifunika michoro kwa rangi nyeupe usiku mmoja, Novemba 2013. Mwaka 2018 jaji akaamuru wasanii 21 walipwe dola milioni 6.75. Sheria yao ilimruhusu kuwapa taarifa ya siku 90 kwanza, lakini hakutaka kungoja. Sisi dola hatuombi. Tunaomba anayetaka kufuta mchoro wa mtaa abandike karatasi kwenye ukuta huo siku hizo hizo 90, kwa Kiswahili na si Kifaransa peke yake, ikiwa na jina la aliyetoa amri, na ibandikwe chini, kimo cha mtoto wa masomo, naye aisome.

Na majina yarudishwe ukutani kabla ya masomo kufunguliwa Septemba. Orodha yake ninayo, nimeiandika kwenye daftari langu la madeni ya makala. Mwandishi wenu aje, nitamsomea jina moja moja ayachape.

Mama muuza makala,
Katuba, Lubumbashi