Kumng'oa dikteta ni siku moja, kesho yake nani anashika nchi?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa kichwani miaka mingi. Kila ikitokea nchi ina mtawala anayeua watu wake swali linakuja lile lile, je ni sawa nchi nyingine kwenda kumpiga vita atoke? na watu wanagawanyika hapo hapo, huku wanasema apigwe tu, kule wanasema nchi ya watu iachwe, baada ya muda mfupi hakuna anayemsikiliza mwenzake tena. Mimi nimeshakaa pande zote mbili kwa nyakati tofauti na zote nimezitetea kwa nguvu, kwa hiyo sitamtukana mtu hapa.

Nianze na wanaotaka vita, kwa sababu naona huwa wanadhulumiwa kwenye mjadala, mtu akisema dikteta apigwe anaambiwa katumwa na mabeberu au anatafuta mafuta ya watu. Jamani si kweli kwa wote. Chukua Iraq. Tarehe 16 Machi 1988 ndege za Saddam Hussein zilimwaga gesi ya sumu kwenye mji wa Halabja, Wakurdi wapatao 5,000 wakafa, wengi wao kina mama na watoto, na hao walikuwa raia wa nchi yake mwenyewe. Halafu mwaka 1991, Rais wa Marekani wa wakati ule, George Bush mzee, akawaambia Wairaki hadharani wamtoe wenyewe, wakainuka kweli kusini na kaskazini, Saddam akawashushia helikopta na vifaru na dunia ikawa inatazama. Makaburi ya halaiki ya watu wale yalikuja kufukuliwa baadaye sana. Sasa wewe uliyekaa salama ukimwambia mama aliyepoteza wanae pale kwamba mamlaka ya nchi yaheshimiwe, mamlaka ya nani? Yeye hakumchagua huyo mtu, hawezi kumtoa, akijaribu anauawa. Ukimwambia asubiri wananchi wajikomboe wenyewe unamwambia kitu ambacho walishakijaribu wakazikwa nacho.

Hiyo hoja ni nzito na simwamini mtu anayesema ana jibu lake rahisi. Hata sheria zimehangaika nayo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 unakataza nchi kuivamia nyingine isipokuwa umeshambuliwa unajilinda, au Baraza la Usalama limeruhusu, hakuna mahali pameandikwa unaweza kwenda kwa sababu tu jamaa ni dikteta. Lakini Umoja wa Afrika ulipoandika sheria yake ya kuanzishwa mwaka 2000 ukaweka kifungu cha 4(h) kinachoupa haki ya kuingilia nchi mwanachama kukiwa na uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu. Yaani Waafrika wenyewe walikiri kwamba ile kauli ya mambo ya ndani yasiguswe ilishaua watu wengi mno.

Ila sasa tuangalie vita zenyewe, sio hotuba. Kuna vita mbili ambazo kweli ziliwatoa wauaji madarakani na zote zilimaliza kazi hiyo mwaka 1979. Ya kwanza ni Vietnam kuingia Cambodia, Phnom Penh ikaanguka tarehe 7 Januari na utawala wa Pol Pot uliokuwa umeua zaidi ya watu milioni moja na nusu kwa miaka minne isiyotimia ukakoma. Ya pili wengi wetu tunaosoma Kiswahili tumekua tukiisikia, Tanzania na Idi Amin wa Uganda. Ukiziangalia vizuri zote mbili hazikuanza kama vita ya kumkomboa mtu. Pol Pot alikuwa anashambulia vijiji vya mpakani vya Vietnam, na Amin aliingiza jeshi Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, akaua watu, akatangaza kuwa eneo lile ni lake. Mwalimu Nyerere kwenye ile hotuba yake ya Novemba alitaja uwezo, sababu na nia, na sababu haikuwa kwamba Amin ni dikteta, maana udikteta wake ulikuwa unajulikana tangu 1971. Sababu ilikuwa mtu kavamia. Kumtoa Kampala kulikuja baadaye vita ilipokuwa inaendelea.

Na zote mbili zililaumiwa! Umoja wa Mataifa uliendelea kuwapa watu wa Pol Pot kiti cha Cambodia miaka kadhaa, na kwenye mkutano wa OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliotangulia Umoja wa Afrika wa leo, kule Monrovia Julai 1979 walikuwepo wakuu wa nchi walioisema Tanzania kwa kuingia nchi ya mwenzake. Najua wapo watakaosema basi hiyo inaonyesha sheria ni mbovu, kama vita nzuri kama ile inalaumiwa. Labda. Lakini mimi nataka tuangalie kilichofuata Kampala.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, watu wakajaa barabarani kushangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Yusuf Lule akapewa nchi, akakaa siku 68 akatolewa. Akaja Binaisa, naye Mei 1980 akatolewa. Desemba 1980 ukafanyika uchaguzi uliomrudisha Obote, yule rais aliyepinduliwa na Amin, matokeo yakagombaniwa, Februari 1981 Museveni akaingia msituni, na pale Luwero, kaskazini ya Kampala, watu wakafa kwa wingi mno mpaka alipoingia Kampala Januari 1986. Hii ni vita yenye sababu safi kuliko zote ninazozijua, iliyopiganwa na jirani aliyevamiwa, kwa gharama iliyouumiza uchumi wa Tanzania vibaya, na bado Waganda walikaa karibu miaka saba wakizikana. Nasema hivi kwa heshima kubwa kwa waliopigana, walichofanya kilistahili kufanywa. Nachosema ni kwamba hata ile iliyostahili haikuishia siku ya shangwe.

Kwa nini iwe hivyo? Nimefikiria sana hapa na naona ndipo penye kiini, na pande zote mbili huwa wanaparuka. Dikteta haui watu tu. Kazi yake ya kila siku ni kuhakikisha hakuna mwingine anayeweza kushika nchi. Jaji mwenye msimamo anaondoka, ofisa wa jeshi mwenye akili anauawa au anakimbia, chama kingine kinafutwa, chama cha wafanyakazi kinawekwa mfukoni, mpaka dola yote inakuwa ni yeye na ndugu zake na watu wanaomuogopa. Baada ya miaka ishirini ya hivyo ukija na vifaru ukamtoa, unakuta chini yake hakuna kitu, ni shimo. Vita inajua kutoa mtu. Jaji, karani wa hazina, mkuu wa polisi ambaye watu wanamwamini, hao hawaletwi na kifaru, wanachukua miaka kupatikana.

Ndio maana Iraq iliniuma. Baghdad ilianguka tarehe 9 Aprili 2003, wiki ile ile ya Aprili kama Kampala ukitoa miaka, sanamu ikaangushwa tukaona kwenye TV. Silaha za maangamizi zilizotumika kama sababu hazikupatikana, hilo peke yake linatosha kulaani. Lakini kosa lililofuata kwangu ni kubwa zaidi. Kwanza wiki ile ile watu wakaiba mpaka makumbusho ya taifa na askari wa kigeni wapo mjini. Halafu mwezi Mei mtawala wa Kimarekani, Paul Bremer, akatoa amri mbili, ya kwanza kuwaondoa serikalini watu wa ngazi za juu wa chama cha Baath, chama cha Saddam, ya pili kulivunja jeshi lote. Fikiria mamia ya maelfu ya wanaume waliofunzwa kupigana, asubuhi moja wanaambiwa nendeni nyumbani, silaha zimezagaa kila kona. Baadhi ya maofisa wale ndio tulikuja kuwasikia miaka ya baadaye kwenye uongozi wa kundi la Dola la Kiislamu lilipoiteka Mosul Juni 2014.

Mtu ataniambia mbona Ujerumani na Japani zilipigwa 1945 na zikawa nchi za demokrasia. Nalisikia sana hili. Kwanza nchi zile ndizo zilizovamia wenzao, hakuna aliyeenda kuzipiga ili azifundishe demokrasia. Pili Japani mfalme aliachwa kwenye kiti na ofisi za serikali ziliachwa zikafanya kazi, ukaliaji ukaendelea mpaka 1952, kwa hiyo kulikuwa na mtu wa kulipa mishahara na kuendesha treni kesho yake. Ni kinyume kabisa cha walichofanya Baghdad.

Libya ndio hivyo tena. Azimio namba 1973 la Baraza la Usalama la tarehe 17 Machi 2011 lilikuwa la kulinda raia, na mji wa Benghazi ulioasi kweli ulikuwa hatarini, nchi zote tatu za Afrika zilizokuwa kwenye Baraza wakati ule, Afrika Kusini, Nigeria na Gabon, zilipiga kura ya ndiyo. Ikageuka kuwa vita ya kumtoa Gaddafi, mazungumzo ya Umoja wa Afrika yakasukumwa pembeni, Oktoba akauawa, na walioshusha mabomu hawakubaki kushika kitu. Silaha na wapiganaji wakashuka mpaka Mali mwaka uliofuata.

Lakini wapinga vita nao (na siku hizi niko karibu nao zaidi) kuna kitu hawasemi. Kusema vita ni mbaya halafu ukanyamaza sio msimamo, ni kumwacha mfungwa gerezani na wewe ukalale. Kama hutaki vita sema unataka nini na ukifanye kabla hakijaharibika. Gambia nadhani inafundisha kuliko zote. Rais Jammeh alishindwa uchaguzi na Barrow Desemba 2016 akagoma kutoka, ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, wakatuma wazee wakaongea naye, wakaweka majeshi mpakani na wakayavusha kweli, Barrow akaapishwa kwenye ubalozi wa Gambia kule Dakar, Senegal, tarehe 19 Januari 2017, siku mbili baadaye Jammeh akaondoka baada ya miaka 22. Nguvu ilikuwepo, sikatai. Ila tayari kulikuwa na mtu aliyechaguliwa na wananchi anasubiri kuingia ofisini, na majirani wote walikuwa kitu kimoja.

Kwa hiyo siku wakija tena watu wanaotaka vita na dikteta yeyote yule, ombi langu kwenu waandishi ni msiwaulize kama yule mtu ni mbaya, hilo watalijibu vizuri na watakuwa na haki. Waulizeni mwezi wa kwanza nani atalipa polisi, jeshi lake mtalifanya nini, wananchi wenyewe wamesema wanataka au mmeongea na waliokimbilia ng'ambo tu, na mtakaa miaka mingapi, bajeti iko wapi. Kama wanababaika mimi nasema hapana, hata kama ni Saddam mwingine.

Pale ambapo sina sharti hilo ni mahali pamoja tu. Tarehe 21 Aprili 1994, watu wanachinjwa Rwanda kila siku, Baraza la Usalama lilipiga kura kupunguza askari wake kule wabaki 270 hivi, na waliokufa mpaka Julai ni kama laki nane. Wakati kama ule nisingemuuliza mtu yeyote nani atalipa polisi, ningemwambia nenda.

Msomaji wenu wa siku nyingi