Barua kwa mpwa wangu anayetaka kujua kusokota kamba

Mpwa wangu,

Huku Jambiani, Zanzibar, sote wazima alhamdulillah, bibi yako anakuulizia kila siku. Ile vidio uliyonitumia ya kijana anaishi porini, anachonga shoka la jiwe na kutengeneza kamba kwa magome ya mti, nimeiangalia mpaka mwisho na kazi yake nzuri sana. Umeniandikia "mjomba natamani na mimi nijue hivi vitu". Nakujibu hapa hadharani maana wenye hamu kama yako wapo wengi, na wengi wao wana bibi huku pwani.

Kama ni kamba, mwalimu unaye tayari. Bibi yako kasokota kamba za makumbi, yale maganda ya nazi yenye nyuzi, tangu hajaolewa, na bado anaweza.

Kazi inaanzia kwenye kifuo, kile kijiti chenye ncha cha kufulia nazi. Nazi ikishafuliwa yale makumbi hayatupwi, yanabebwa mpaka pwani, maji yakiwa yametoka linachimbwa shimo pale bahari inapopanda na kushuka, yanafukiwa na kukandamizwa kwa mawe yasichukuliwe na mawimbi. Yanakaa humo miezi, wengine wanaacha nusu mwaka au zaidi. Bahari inaozesha ile nyama laini iliyoshika nyuzi lakini nyuzi zenyewe ngumu haziozi, ndo siri yote hiyo. Ukifukua mapema ile nyama bado imeng'ang'ania na utapiga mpaka mkono uchoke bila kupata kitu cha maana. Na harufu yake siku ya kufukua usiniulize, utaisikia mwenyewe. Alafu unapiga kwa gogo la mti mgumu, unasuuza maji ya chumvi, unapiga tena, unaanika juani, unabaki na usumba, yaani nyuzi tupu.

Sasa utamu uko kwenye kusokota. Unachukua vifungu viwili vya usumba, unavisugua kati ya viganja mpaka kila kimoja kinakuwa uzi uliojikaza, alafu nyuzi mbili hizo unazizungusha pamoja kwa kinyume cha ulivyozisokota mwanzo. Hapo kwenye kinyume usipite haraka. Kila uzi unataka kujifungua, ila kwa kuwa umepotwa kinyume, ukijifungua unazidi kumkaza mwenzake, kwa hiyo kamba inajishika yenyewe bila fundo wala gundi. Uzi ukianza kuwa mwembamba unaongeza usumba kabla haujaisha, na usiunge nyuzi zote mbili mahali pamoja maana hapo ndo itakatikia. Bibi anaunga huku anapiga soga na hata haangalii, sehemu ya kuungia huioni kabisa. Kamba nene ni zile zile nyembamba zimepotwa pamoja, hiyo lazima muwe watu kadhaa na uwanja mrefu.

Na usidhani ni kamba za kufungia mbuzi tu. Mitepe, vyombo vya zamani vya kule Lamu, ilishonwa mbao kwa mbao kwa kamba za makumbi, haina msumari, tanga lake mkeka, na ilibeba mizigo pwani hii mpaka ikaja kupotea karne ya 20. Vyombo vya kushona kwenye pwani yetu mfanyabiashara wa Kigiriki alishaviandika karne ya kwanza! Zingatia hiyo mpwa wangu, chombo kizima kinaingia bahari kuu na kinachokishikilia ni kamba.

Hata mawe uliyoyapenda yapo hapa hapa. Pango la Kuumbi si mbali na kwetu, wachimbuzi wametoa humo zana za mawe na za mifupa iliyochongwa ncha, za zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Ukija nitakupeleka. Na ile mkonge unayoiona Tanga ukadhani ndo kamba ya asili yetu, imeletwa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida, watu wa bara walikuwa wanasokota nyuzi za mkonge pori na magome ya mbuyu zamani sana kabla yake.

Kinachoniuma ni kwamba akifanya mgeni kwenye simu tunaita ujuzi, akifanya bibi tunaita shida. Ni kweli malipo yalikuwa madogo mno kwa kazi ngumu vile, ndo maana kilimo cha mwani kilipoingia mwishoni mwa miaka ya 80 kina mama wengi wakahamia huko, siwalaumu hata kidogo, na kamba ya nailoni dukani ni rahisi. Lakini kujua kutengeneza na kulazimika kutengeneza ni vitu viwili tofauti wallahi, na mimi sitaki hiki kijulikane na bibi peke yake.

Kwa hiyo njoo. Shangazi yako ana shimo lake la makumbi limeshaiva, anasubiri bamvua, zile siku bahari inatoka mbali, maji yatoke vizuri ndo afukue. Lete nguo ya kuchafuka, kucha kata kabisa, na usije na ratiba ya kurudi kesho yake maana usumba lazima ukauke kwanza. Niambie unapanda boti lini nimzuie asifukue bila wewe.

Mjomba wako