Ingieni Maktaba kwa Kalenda ya Kazi Zenu: Barua kwa Wanachuo Wetu

Wanangu na wajukuu zangu mnaosoma katika chuo chetu cha maendeleo ya wananchi, hapa mkoani Iringa,

Kamwene. Wengi wenu hunipa shikamoo tukipishana kwenye njia ya maktaba. Kwa wale ambao sijapata kuwaitikia, marahaba. Mimi ni mwalimu mstaafu wa elimu ya watu wazima, na maktaba hiyo naitembelea kama ninyi. Mkutubi wenu amenionyesha tangazo la msimu huu, nami nikamwomba ruhusa ya kubandika barua hii kando yake, kwa kuwa lina habari njema ambazo nachelea mtazipita.

Kuanzia Juni maktaba itakuwa wazi hadi jioni siku za kazi. Anayekwenda nyumbani likizo ya mavuno ataruhusiwa kuondoka na vitabu zaidi ya kimoja, mradi ajiandikishe mapema. Kompyuta zimeunganishwa tena na intaneti. Na mezani kwa mkutubi limewekwa daftari: ukitafuta kitabu au maarifa fulani ukakosa, andika humo, naye atakutafutia.

Ninalowaomba ni kwamba maktaba muitumie kwa kalenda ya kazi mnazojifunza. Kalenda ya mitihani peke yake haitoshi. Mitihani ikikaribia viti havitoshi, ikipita vumbi linakaa juu ya meza. Hilo linaniuma, maana hamkuja chuoni kutafuta cheti tu. Mmekuja kutafuta ujuzi wa kuwalisha, na ujuzi una majira yake.

Huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja. Mvua huanza Novemba, ikaisha Aprili au Mei. Kwa hiyo miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo ya mkulima kusoma: mbegu hajanunua, shamba hajalipima, hela ya mahindi bado ipo mkononi au inakaribia kupatikana. Ukija Desemba kuuliza mbegu ipi inafaa mwinuko wa kwenu, kitabu utapewa, lakini mahindi ya jirani yatakuwa yamekwishaota.

Nitoe mfano wa nyanya, kwa kuwa wengi wenu mnatoka Ilula na vijiji vya jirani. Mwanafunzi anataka kujua ugonjwa uliomaliza shamba la mama yake. Akienda rafu yenye namba 635 atakuta mazao ya bustani. Akienda 632 atakuta magonjwa na wadudu waharibifu wa mimea. Apite zote mbili, maana jibu huwa limegawanyika. Kisha, kabla hajaanza kunakili chochote, afungue kurasa za mwanzo atazame kitabu kilichapishwa mwaka gani. Nalikazia hili kuliko yote. Kantangaze, yule mdudu anayechimba majani na matunda ya nyanya, aliripotiwa nchini mwetu mwaka 2014. Kitabu cha mwaka 2005, hata kiwe kimeandikwa na bingwa, hakimjui. Viwavijeshi vamizi wanaotafuna mahindi waliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na Tanzania mwaka 2017. Ukisoma kitabu cha kabla ya hapo utadhani ni viwavijeshi wale wale wa zamani, na tiba utakayoitumia haitalingana na adui.

Kwenye dawa ndipo penye hatari zaidi. Vipo vitabu vya zamani vinavyomshauri mkulima kupuliza DDT, sumu kali ya kuulia wadudu. Leo, chini ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali za sumu zisizooza upesi, matumizi yake yaliyobaki kuruhusiwa ni ya kudhibiti wadudu waenezao magonjwa ya binadamu, kama mbu, na hayo nayo kwa masharti. Kijana anayefuata kitabu bila kutazama mwaka anaweza kuitia sumu familia yake huku akiamini anafuata elimu.

Lakini msiseme vitabu vya zamani vitupwe. Kuhusu makinga maji, samadi, kubadilisha mazao shambani na kuhifadhi udongo wa milimani, vingi bado vinafaa, na baadhi vimeandikwa kwa Kiswahili kilichotulia kuliko hiki cha vipeperushi vya siku hizi. Kwa mbegu, wadudu na dawa, nendeni kwenye machapisho mapya. Kituo cha Uyole cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), pale Mbeya, ndicho kilichotuletea mahindi kama UH6303 na aina kadhaa za maharage, na maelezo yake yanahusu hali ya hewa yetu hii hii. Kwa mnaosoma Kiingereza, muulizeni mkutubi kuhusu AGORA, huduma iliyo chini ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, tangu mwaka 2003, inayoziwezesha taasisi za nchi kama yetu kusoma majarida ya utafiti wa kilimo bure au kwa bei nafuu. Huduma hiyo husajiliwa kwa jina la taasisi, kwa hiyo mwombeni mkutubi aishughulikie kwa niaba yenu.

Mafundi nanyi mna majira yenu. Mshonaji atazame 646. Sare za shule zinatakiwa Januari, basi vipimo na mikato ya sare ajifunze Oktoba, ili Desemba cherehani ifanye kazi ya kuingiza pesa. Waashi mtazame 690, mkasome habari za msingi na paa wakati wa kiangazi, kwa kuwa ndipo watu wanapojenga. Maseremala wa samani ni 684, umeme 621.3.

Nawageukia mabinti mlio kwenye mpango wa Elimu Haina Mwisho, mnaosoma huku mkilea. Mtihani wa Maarifa hufanyika Novemba pamoja na ule wa kidato cha nne. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye Maktaba Mtandao yake, na kusoma ni bure. Someni kwenye kompyuta za chuo, mtunze bando zenu kwa mambo mengine. Mwenye mtoto asiogope kuingia naye. Nimezungumza na mkutubi, amekubali kutandika mkeka karibu na rafu ya vitabu vya watoto. Mtoto akilia, mama atoke naye, ambembeleze, arudi. Asiwepo mwanachuo wa kumtolea macho.

Najua wapo wanaosema kusoma ni kwa watu wa ofisini. Mimi niliona vingine. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: wanakijiji walikaa vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu pamoja, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka kuzunguka nyumba. Walioshiriki nchi nzima walikaribia milioni mbili, na wengi wao walikuwa ndiyo kwanza wanajifunza kusoma. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambavyo chenu ni kimojawapo, vilianzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa fikra hiyo hiyo, kwa msaada wa Sweden. Hakuna kikundi nilichokijua kilichosoma kisha kikakunja mikono. Ndiyo maana nawasihi mwende maktaba mkiwa na kazi mliyokusudia kuifanya.

Miezi ya baridi ina tarehe zake, mziweke akilini. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani. Mkutubi anataka wasomaji wa kusoma kwa sauti jioni hiyo, mashairi au hadithi, na nyie wenye sauti nzuri msijifiche. Tarehe 8 Agosti ni Nane Nane. Mtakaojaliwa kwenda viwanja vya John Mwakangale kule Mbeya, kusanyeni vipeperushi kwenye mabanda, kimoja chako na kimoja cha maktaba, mkiandika nyuma banda na mwaka. Mwakani mwenzenu asiyekuwa na nauli atasoma. Tarehe 8 Septemba ni siku ya kisomo duniani, na hapo tunaomba kila kozi itoe watu wachache wa kwenda kijijini kuwasomea wazee barua zao, kadi za kliniki, na maelezo ya dawa za mifugo. Wazee wengi wanaona aibu kuomba. Ninyi tangulieni.

Juu ya baridi yenyewe: naambiwa mwaka jana kuna walioingiza jiko la mkaa bwenini. Msithubutu, si bwenini wala maktaba. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Vaeni masweta, jifunikeni vitenge na blanketi, kaeni karibu karibu. Mkutubi hatamfukuza mtu kwa sababu ya blanketi.

Vitabu mtakavyoazima vifungeni kwa gazeti, visikae jikoni penye moshi wala sakafuni penye unyevu. Kitabu cha useremala pale rafuni kimechanwa kurasa za viungo vya mbao, zile hasa ambazo kila anayeanza anazihitaji. Aliyezichukua namwomba azirudishe, azisukumie chini ya mlango usiku akitaka, hakuna atakayemuuliza. Mwenye shida ya kunakili kurasa chache aseme, tutamchangia gharama.

Kujiandikisha kuazima vitabu vya likizo kunafungwa Ijumaa ya mwisho kabla ya kuondoka. Njooni na kitambulisho cha chuo na namba ya simu ya mzazi au mlezi. Mimi nitakuwepo pale kila Jumatano mchana, na mwenye swali asilojua aliulizeje namkaribisha tukae tulitengeneze pamoja kabla ya kwenda rafuni.

Ni mimi mzee wenu,
Mwalimu mstaafu wa elimu ya watu wazima, Iringa