YAH: KIFAA CHA MOYO CHA BABA KULIA SIKU TISA BILA KUPATA MSAADA WENU

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Baba yangu aliwekewa kifaa chenu cha kushtua moyo, kile kinachokaa chini ya ngozi ya kifua, waya wake ukipita kwenye mshipa hadi ndani ya moyo. Tunaishi Tukuyu, wilayani Rungwe.

Tarehe 3 mwezi uliopita, saa mbili kamili asubuhi, baba akiwa jikoni anaota moto, tulisikia mlio: titi, titi, titi, kama saa ya mezani iliyofungiwa sandukuni. Tukazima simu zote. Mama akatoa betri za redio. Kesho yake, saa mbili ile ile, mlio ukarudi. Ndipo nilipoweka sikio kifuani kwa baba. Ulikuwa unatoka humo.

Nilipiga namba iliyo nyuma ya kadi yake. Siku mbili haikupokelewa. Siku ya tatu akapokea kijana mmoja. Hakuuliza namba ya kifaa, hakuuliza baba anajisikiaje. Alisema, "Hiyo kawaida tu dada, kinajipima. Subirini kliniki." Kliniki ilikuwa baada ya wiki saba.

Ni kweli kifaa hujipima kila siku, lakini kikikuta mambo yako sawa hukaa kimya. Hulia betri inapokaribia kuisha, waya unapopata hitilafu, au sumaku kali inapokisogelea. Haya nilielezwa na daktari, baadaye. Ilipasa niyasikie kwenu siku ile ya simu. Kitabu mlichotupa ni cha Kiingereza kitupu, na baba aliishia darasa la saba.

Tulikwenda Mbeya mjini. Daktari alimpima baba vizuri na kwa upole, lakini kifaa chenyewe hakuweza kukisoma, kwa sababu kila mtengenezaji ana kompyuta yake ya kusomea, na ya kwenu haikuwepo. Akatuambia tusisubiri kliniki, twende Dar es Salaam haraka.

Siku ya tisa tulikuwa ndani ya basi. Tunakaribia Makambako, saa mbili ikagonga, kifua cha baba kikalia. Konda akauliza ni simu ya nani. Baba akajifunika koti, akainama, akakiziba kifaa kwa kiganja kama mtu aliyekutwa na kosa. Bado tulikuwa na zaidi ya kilomita 600 mbele yetu, na mteremko wa Kitonga. Sitausahau mkono ule.

Kifaa kiliposomwa, ilionekana waya umeanza kukatika. Daktari alisema waya wa namna hiyo unaweza kukidanganya kifaa kikampiga mtu shoti asiyoihitaji, au kushindwa kumwokoa moyo unapokwenda mbio. Baba ameshawekewa waya mpya. Mpaka leo haruhusiwi kuinua mkono wa kushoto kupita bega, na migomba yake anaitazama kwa mbali.

Silalamiki kwamba waya umeharibika, vitu huharibika. Nalalamika kwamba kifaa kilifanya kazi yake, kikaita kila asubuhi, na ninyi mliokiuza hamkuitika. Mlipoitika mkatuambia tukae nyumbani. Naomba yule aliyenijibu afundishwe swali la kwanza la kumuuliza mtu ambaye kifaa chake kinalia. Naomba namba ile ipokelewe usiku na mchana, Jumapili pia. Naomba karatasi moja ya Kiswahili yenye maelezo ya milio, ya kubandika ukutani. Na zaidi ya yote, naomba kompyuta yenu ifike Mbeya, japo mara moja kila miezi mitatu, kwani baba si mgonjwa pekee huku juu mwenye kifaa hiki.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Wako,
Binti wa mgonjwa,
Tukuyu, Mbeya.

Nakala: Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA)