Wifi, vitabu vya sikukuu si mapambo ya meza

Wifi yangu,

Nimesikia chumba cha maktaba umekabidhiwa wewe, na Idi hii darasa la kwanza na la pili watakuwa mikononi mwako. Hongera, na sisemi kwa kejeli. Simu hupokei, ujumbe unausoma na kunyamaza, basi nakuandikia hapa hapa. Wenye madarasa kama yako nao wasome, humu hamna siri.

Kuwafundisha watoto kutafuta kitabu maktabani kwa kutumia vitabu vya sikukuu, anza wiki nne kabla ya sikukuu. Idi hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo kwenye azimio la kazi usiipigilie mwezi mmoja ukadhani umemaliza. La mwaka jana halitakufaa. Krismasi haihami, lakini shule hufungwa mapema Desemba, hivyo kazi yake yote ni ya Novemba. Ingiza watoto 12 kwa mara moja, dakika 25, wengine wabaki darasani na mwenzako. Ukiwaingiza wote 50 utakuwa unafundisha foleni. Na kila kipindi kibebe jambo moja tu.

Kwanza ni sehemu za kitabu, na hapo kitabu cha sikukuu hakina mpinzani, maana mtoto anakitaka kabla hujafungua mdomo. Mwoneshe jalada, umuulize jina la kitabu limekaa wapi, nani kaandika, nani kachora. Mchoraji usimruke. Kwa mtoto wa miaka sita asiyesoma vizuri bado, picha ndiyo iliyomweleza kwamba hii ni Idi: nguo mpya, sinia la vyakula linalopelekwa kwa jirani, mwezi mwembamba juu ya minazi. Kisha geuza kitabu, mwoneshe mgongo. Mgongo ndio atakaouona kitabu kikiwa rafuni, jalada halitakuwepo kumsaidia.

Sasa lebo. Vitabu vyetu vingi vya picha ni vyembamba, kurasa 16 au 24, vimepigwa pini katikati, mgongo hauna hata nafasi ya herufi moja. Bandika lebo kwenye jalada la mbele, pembe ya chini kushoto, kando ya mgongo, na juu yake utepe mwangavu, la sivyo jasho la vidole litaifuta kabla muhula haujaisha. Vyembamba hivyo usivisimamishe rafuni, vitapinda na kumezwa na vinene. Viweke kwenye maboksi yaliyokatwa upande mmoja, majalada yakitazama mbele, 15 hadi 20 kwa boksi, mtoto avipekue kama mtu anayechagua khanga dukani. Boksi likijazwa pomoni hapekui tena, anang'oa. Vinene vyenye mgongo wa kweli ndivyo vya rafuni, na huko afundishwe kusukuma ndani kidogo vitabu viwili vya jirani, kisha akishike katikati. Wanaovuta kwa kuchomeka kidole juu ya mgongo ndio wanaouchana.

Stika za rangi, mwezi kwa Idi na nyota kwa Krismasi, zibandike ukipenda, ila ziwe upande wa juu wa lebo, zisiizibe. Nimeona maktaba iliyobandika nyota juu ya namba, na baada ya sikukuu hakuna aliyejua kitabu kirudi wapi.

Namba zenyewe ndizo utakazotaka kuziruka, na ndizo utamu. Hadithi za picha hupewa herufi, tuseme H, na chini yake herufi tatu za jina la mwandishi. Vitabu vya maarifa hupewa namba za Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa mada. Tarakimu za baada ya nukta mwachie mkutubi, mtoto mpe tarakimu tatu za mwanzo. Sikukuu kama mila na desturi za watu ziko 394. Idi kama ibada ya Waislamu iko 297. Krismasi kama siku ya kanisa iko 263. Kwa hiyo kitabu kinachoeleza watu wanavyovaa na kutembeleana siku ya Idi, na kitabu kinachoeleza kwa nini Waislamu hufunga na kuswali, havikai pamoja, na hadithi ya mbuzi aliyetoroka mkesha wa Idi iko mahali pa tatu kabisa. Watoto watakuuliza kwa nini. Usiseme "ndivyo ilivyo". Waweke vitabu vitatu sakafuni, uwaulize kila kimoja kinataka kutuambia nini. Watajibu wenyewe: hiki kinasimulia, hiki kinaeleza dini, hiki kinaeleza watu. Hapo wameelewa upangaji wa maktaba kuliko walimu wengi ninaowajua, na sitataja mtu.

Na mzazi akija kulalamika kwamba mwanawe kasomewa kitabu cha dini ya wenzake, mpeleke kwenye rafu hizo hizo. Aone 263 na 297 zinakaa safu moja ya 200, na kwamba mtoto kafundishwa kutafuta, hakufundishwa kusali.

Wiki ya tatu ni msako. Tengeneza kadi zenye jina la kitabu na namba yake, mpe kila jozi ya watoto kadi moja. Zisielekeze rafu moja, utawakuta wamebanana kama mlango wa daladala. Usifanye mashindano ya mbio. Anayekimbia hasomi namba, anatafuta rangi. Kila mtoto awe na kibao chake kilichokatwa kwenye boksi, urefu sentimita 30, upana 6, chenye jina lake. Kwanza anachomeka kibao rafuni kando ya kitabu anachokitaka, ndipo anakitoa kitabu. Kosa la kila siku ni kuchomoa kibao na kitabu kwa pamoja. Mwambie kibao ni mlinzi, haondoki zamuni mpaka mwenye nyumba arudi.

Hapa ndipo ninaposhindwa kunyamaza kuhusu siku ile ya kufunga shule.

Meza ilipendeza, nani atabisha. Kitambaa cheupe, maputo, vya Krismasi huku, vya Idi kule, vyote vimetoka kabati la kioo asubuhi hiyo hiyo. Mtoto wa la kwanza akachukua kimoja. Hakukifungua. Alikigeuza, akaweka kidole kwenye ile pembe ya chini kushoto, akawa anafuatisha herufi moja moja, midomo ikicheza. Ukamnyang'anya. Ukafuta jalada kwa upindo wa mtandio wako, mama yake amesimama pale pale, ukasema hivi ni vya kuangalia tu. Wifi, yule alikuwa anasoma lebo! Kitu ambacho watu tunakifundisha muhula mzima, yeye alikuwa anakifanya mwenyewe, bila kuambiwa, siku ya maputo.

Kaka yako ananiambia nikuombe radhi kwa kuwa nilisema mbele ya mwalimu mkuu. Ningekuita pembeni, anasema. Pembeni pangemfaa nani? Mtoto alinyang'anywa hadharani, na kabati lile lilikuwa linafungwa kwa kufuli mbele ya macho ya wote, mwaka hadi mwaka, vitabu vikitoka siku moja na kurudi gizani. Nilichosema ni kwamba kitabu kisichoguswa hakifundishi mtu kukitafuta. Nikitakiwa kukirudia leo, nakirudia.

Lakini najua ulikuwa unaogopa nini, maana vitabu vichache na vya kununua kwa michango unavilinda wewe, na vya Idi kweli hurudi na mafuta ya sambusa. Basi tuongee hilo. Azimisha kitabu kimoja kwa siku tatu, si wiki mbili, kwa sababu wanaosubiri ni wengi na sikukuu haingoji. Daftari liwe na safu nne: jina, namba ya kitabu, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi. Mtoto aandike jina lake mwenyewe, hata likipanda mlima. Mpe mfuko wa kitambaa wa kubebea. Doa la mafuta likiwa bichi, nyunyizia poda ya mtoto pande zote mbili za karatasi, weka uzito juu, acha usiku kucha, asubuhi upanguse. Ukurasa uliochanika usiupige selotepu, inageuka njano na kukakamaa. Tumia gundi nyeupe kidogo na kipande cha karatasi nyepesi.

Vitabu vya Nane Nane na Mwaka Kogwa utavikosa madukani, basi vitengenezwe na watoto. Karatasi nne za A4 zikunjwe katikati, kurasa 16. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, anza kushona kutokea ndani tundu la katikati, umalizie hapo hapo. Jina, mwandishi, mchoraji, lebo, kisha kiingie boksini na vingine na kiazimwe. Majina yatakusumbua, darasa lina Juma Hamisi na Hamisi Juma. Kwa herufi za lebo chagua jina la mwisho kwa wote, uandike kanuni ukutani, usibadilishe katikati ya mwaka. Kitabu cha Uhuru nacho watengeneze, waweke humo kwamba Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Watoto hupenda kusikia kwamba maktaba nayo ina siku yake.

Idi ikishapita, usivikusanye. Vibaki pale pale 297, 394 na kwenye maboksi ya H, na wiki inayofuata uwape kadi zile zile. Wanaovipata sikukuu ikiwa imeisha ndio waliojifunza. Waliovipata mezani waliviona tu.

Vibao vya darasa zima nimeshakata, bado majina. Viko kwa mama, ndani ya mfuko wa unga nyuma ya mlango. Mtume yeyote, hata leo.