Cornélie Falcon ni nani? Barua kwa Rehema

Rehema mpenzi,

Habari za huko? Sisi huku wazima, tunashukuru. Ujumbe wako nimeupata, na nimecheka mpaka machozi: mwalimu wako wa sauti kakuita Falcon, nawe ukanuna siku nzima! Amekusifu, shoga. Huyo Cornélie Falcon alikuwa mwimbaji wa opera, mzaliwa wa Ufaransa mwaka 1814, na hadi leo sauti ya aina yake inaitwa kwa jina lake: nzito na yenye nguvu chini kama ya alto (sauti ya chini ya kike), lakini inapanda hadi kwa soprano (ile ya juu kabisa).

Alisoma Conservatoire ya Paris, chuo cha muziki. Mmoja wa walimu wake alikuwa Adolphe Nourrit, mwimbaji wa tenor (sauti ya juu ya kiume) aliyekuwa akitamba katika Opera ya Paris enzi hizo. Julai 1832, akiwa na miaka 18 tu, akapandishwa jukwaa hilohilo la mwalimu wake kuimba nafasi ya Alice katika Robert le diable, opera ya mtunzi Meyerbeer. Akapendwa mara moja. Hakuwa wa kusimama tu na kutoa sauti. Aliigiza, watu wakamwamini. Basi watunzi wakaanza kumtungia yeye hasa. Halévy akampa Rachel wa La Juive mwaka 1835, yule binti anayeishia kutupwa ndani ya chungu kinachotokota. Mwaka uliofuata Meyerbeer akampa Valentine wa Les Huguenots, na Nourrit ndiye aliyeng'ang'ania yeye na Falcon wapewe wimbo wa kuimba pamoja katika sehemu ya nne. Wanaoijua opera hiyo husema hapo ndipo penyewe.

Sasa sikiliza. Machi 1837 walikuwa wakiimba Stradella ya Niedermeyer. Katika mchezo, Nourrit anamwambia kesho tunaondoka, utakubali? Jibu ambalo Falcon alitakiwa kuimba lilikuwa fupi mno: "Je suis prête", niko tayari. Falcon akafungua kinywa, sauti haikutoka. Akazimia palepale jukwaani. Berlioz, mtunzi, alikuwemo ukumbini, akaandika kwamba noti zake zilififia kama za filimbi iliyojaa maji. Binti wa miaka 23, Rehema!

Alihangaika na matibabu, akaenda hadi Italia akitumaini hewa ya huko itamponya. Machi 1840 akarudi Opera kwa onyesho la kumchangia, akaimba vipande vya La Juive na Les Huguenots. Sauti haikuwepo tena. Baadaye akaolewa, akaishi maisha ya kimya jijini Paris mpaka 1897. Piga hesabu mwenyewe: jukwaani Opera miaka mitano, kisha takriban miaka sitini akiwasikia wengine wakiimba nafasi alizotungiwa yeye. (Ya Nourrit ni kilio kingine: aliondoka Opera mwaka uleule wa 1837 baada ya Duprez, mwimbaji mwingine wa tenor, kuletwa, na miaka miwili baadaye akajiua huko Naples.)

Watu wametoa sababu chungu nzima za sauti ile kukatika. Mimi nashika hii: alibebeshwa nafasi nzito mapema mno, katika ukumbi mkubwa, okestra ikinguruma chini yake, na koo ambalo kwa asili halikuwa la soprano likasukumwa juu kila mara.

Na wewe unaniandikia umepwelewa na sauti tangu wiki iliyopita, unakunywa tangawizi na asali, na Jumapili utaimba solo hivyohivyo! Tena sauti ya kwanza, eti kwa sababu walioko hawafiki juu. Nakuomba, mwambie mwalimu wa kwaya ampe mwingine. Atanuna, mwache anune. Usinong'one pia, koo linachoka vilevile. Nyamaza kabisa, uandike kwenye karatasi. Sauti ikikaa hivyo zaidi ya wiki mbili, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, usisikilize dawa za jirani.

Nijibu kwa maandishi, usinipigie simu. Msalimie mama, mwambie mchele umefika salama.

Wako,
Neema