Barua kwa mwanangu: Tukuyu ibaki kwenye wimbo

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, mvua za huku unazijua, na mama yako anakusalimu sana. Wimbo wako mpya tumeupata. Nimeusikiliza peke yangu, nikausikiliza na mama yako, kisha nikawapa wenzangu wa sauti ya nne, yaani besi, wausikie baada ya mazoezi ya kwaya. Ndaga fijo, asante sana, mama. Nakujibu kwa kirefu maana ulichoniuliza hakitoshi kwenye ujumbe wa simu.

Unasema prodyuza anataka uiondoe Tukuyu yetu, uondoe mvua na migomba, uweke mapenzi ya mjini, kwa kuwa msikilizaji wa Mwanza au Mombasa hana habari na kwenu. Mimi nakataa. Huyo wa Mwanza hajafika Tukuyu, lakini amewahi kumwona mama yake akirudi jioni na mzigo uleule aliotoka nao asubuhi. Ubeti wako wa pili, pale mama anapoutua mkungu wa ndizi nyuma ya jiko ili watoto wasijue haukununuliwa, halafu anaingia ndani akiimba, ndio moyo wa wimbo. Mzee mmoja wa sauti ya nne, mtu asiyependa kabisa hii miziki yenu, aliomba nirudie hapo. Kwao walikuwa wachoma mkaa, hawakuwahi kuuza ndizi. Alichokisikia ni mama yake.

Angalia Rayvanny, mtoto wa hapahapa Mbeya. Mwaka 2016 alijulikana kwa wimbo unaoitwa "Kwetu", kijana anamweleza mpenzi wake habari za nyumbani kwao bila kuuficha unyonge. Mwaka uliofuata akachukua tuzo ya BET kule Marekani. Kwao hakukumzuia kufika.

Remmy Ongala ndiye ninayemrudia zaidi. Alizaliwa Kindu, Kongo, akafiwa na wazazi wote wawili kabla hajawa mtu mzima, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, baadaye Super Matimila. Pale Sinza mpaka leo watu wanashuka kituo kinachoitwa kwa Remmy. Sasa chukua wimbo wake "Kifo". Mtu aliyezoea kufiwa tangu utotoni angeweza kutuhadithia misiba yake mmoja mmoja, tungemwonea huruma na kwenda zetu. Yeye alikigeukia kifo chenyewe akazungumza nacho, kama mtu anayemlaumu jirani mkorofi. Ukishamsikia unakikuta kifo hichohicho mlangoni kwako, na marehemu unayemfikiria ni wa kwako.

Kuna Mwingereza, Eric Clapton, mpiga gitaa mkubwa. Mwaka 1991 mwanawe wa miaka minne alianguka kutoka dirisha la ghorofa ya 53 huko New York akafa. Mimi ni mzazi, habari hiyo sipendi hata kuiandika. Wimbo alioutunga baada ya hapo akisaidiana na mwenzake, "Tears in Heaven", ulitoka mwaka uliofuata. Utafute uusikilize kwa makini. Hamna ghorofa humo, hamna dirisha, wala mji, wala jina la mtoto. Kuna baba anayejiuliza kama mwanawe atamtambua wakikutana mbinguni. Mzazi aliyempoteza mtoto kwa malaria kule Kyela anaweza kuuimba kana kwamba ulitungwa nyumbani kwake. Na jambo moja linanigusa sana: mwaka 2004 Clapton aliacha kuuimba jukwaani kwa muda, akaeleza kwamba ule uchungu wa kufiwa haukuwa tena ndani yake kama zamani. Hakutaka kuigiza kilio chake mwenyewe.

Utaniuliza: mbona yeye alitoa kila kitu, na mimi unaniambia nibakize migomba? Nimeliwaza hilo usiku mzima. Naona kuna mambo yanayobeba uchungu na mengine yanayobeba umbea tu. Mkungu nyuma ya jiko umebeba uchungu. Ukiutoa, ubeti unabaki maneno matupu ya "maisha magumu" ambayo kila redio inayo. Lile dirisha la New York lingewafanya watu waanze kuulizana ilikuwaje, nani alikuwepo, nani alaumiwe. Wangesahau kumlilia mtoto.

Kwa hiyo ubeti wa tatu sikubaliani nao. Umemtaja baba yako mdogo kwa jina, kwamba alikataa kutusaidia ada ya shule ukiwa kidato cha pili. Ni kweli alikataa, na iliniuma mimi kuliko ilivyokuuma wewe. Lakini msikilizaji akifika hapo anatoka nyumbani kwake anaingia kwenye ugomvi wetu. Najua utanijibu kwamba Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, alimtaja Kijiti kwenye wimbo wake. Alimtaja, na alifanya vizuri. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mama yake mfinyanzi, na yeye akitembeza vyungu mjini kuviuza. Alijua mwanamke maskini anavyoonekana na wakubwa. Kijiti aliua mwanamke akatoroka, mji mzima ukawa na haki ya kulijua jina lake. Baba yako mdogo hakumuua mtu. Hakukopesha. Na wimbo ukishatoka haurudi: watoto wake wanasoma hapa hapa, wataimbiwa barabarani.

Sikuambii uufute ubeti. Imba ule mlango. Ulikuwepo siku ile, unakumbuka tulivyosimama nje tukisikia redio inaendelea ndani na hakuna anayefungua. Mlango usiofunguliwa kila mtu anaujua, na kila mtu ana jina lake la kuweka hapo.

Tena usijifunge kwamba lazima kila neno liwe lilikukuta wewe. Ferooz, yule wa bongo fleva, katika "Starehe" anaimba kama kijana mwenyewe aliyeponda maisha sasa UKIMWI umempata, na Professor Jay yumo humo. Anasema "mimi", na kila kijana aliyesikiliza aliingiwa na baridi kwa ajili ya maisha yake. Watu walikuwa wanazika karibu kila wiki, kisa kilikuwa cha nchi nzima, yeye akakipa mdomo mmoja. Unaweza kuiazima sauti ya mama yako ukaimba "mimi" kwa niaba yake. Ila muombe kwanza. Nimemgusia, akacheka, akasema ya mkungu hajui uliionaje maana alidhani mmelala.

Hilo la kuimba kwa niaba ya wengine huku kwetu ni la zamani sana. Umeliona msibani. Mwanamke anaingia uani analia akimwita marehemu, wenzake wanaitika, na ukitega sikio baada ya muda utasikia anamwita mama yake mwenyewe aliyezikwa zamani, na wa pembeni yake anamwita mwanawe. Kilio ni kimoja, kila mmoja ana wake ndani. Aliyeanza hakuwaambia walie nini. Aliwaachia nafasi ya kuitika. Ndiyo maana kwenye kwaya nawapigia kelele waimbishaji wanaojaza ubeti maneno mpaka watu hawana pa kuingilia.

Na hapo ndipo kiitikio chako kinaponipa shida. Maneno ni mazuri, mafupi, mtu anayashika mara moja. Lakini umekipandisha juu mno. Najua sauti yako inafika, nimekufundisha mwenyewe soprano, na studio inapendeza ukipaa vile. Dereva wa lori la ndizi hafiki huko, wala mama anayefua. Watajaribu mara mbili wataishia kukusikiliza tu, na huo si wimbo wa kusikilizwa tu. Shusha ufunguo, hata hatua mbili, mwambie prodyuza baba kasema. Halafu baada ya kiitikio cha pili nyamaza kidogo, acha ngoma na gitaa viende, waliokuwa wanaitika wapate kumaliza.

Ukirekodi upya nitumie kabla hujamaliza ubeti wa tatu, tuusikilize na mama yako. Hela ya studio niliyobakiza nitaituma Ijumaa.

Wako,
Baba